Acheni Kuunda Betri Kitandani!

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa wala sijahama mtandao. Nilikuwa natengeneza meza. Si meza ya kuwekea tarakilishi, hiyo ninayo tangu chuoni na imejaa vikombe vya chai. Hii ni meza ya kazi ya mikono, pale kwenye roshani, ya kufungulia na kuundia betri. Sasa imekamilika, na nimerudi nikiwa na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni huu: sisi waandishi wa programu tumegeuka mafundi wa betri za lithiamu bila meza, bila kupima, na bila kuandika chochote. Tunaunda betri kitandani. Tunaunda juu ya meza ya chakula, chapati zikiwa kando. Halafu tunapiga picha, tunawatumia marafiki, tunasifiwa. Mimi nilikuwa mmoja wenu, kwa hivyo msinikasirikie kabla ya kusoma mpaka mwisho.

Tuanze na jinsi tulivyofika hapa. Mwaka 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti, ikapotea tena 11 Novemba, na tena 10 Desemba. Aliyekuwa kwenye ofisi yenye jenereta aliweza kucheka. Lakini wewe unayefanya kazi nyumbani, mteja yuko ng'ambo, mkutano umeanza, unaona sura yako imeganda kwenye skrini... unajua ninachosema. Na cha ajabu ni kwamba laptopu yako haijazimika, ina betri yake. Kilichokufa ni ruta. Ruta! Kijidude kinachotaka volti 12 na wati kama kumi hivi. Balbu ndogo inakula karibu hivyo hivyo. Ni aibu mtu mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi kukosa wati kumi. Basi kila mmoja akaanza kuwaza, na jibu likapatikana kwenye laptopu mbovu zilizo chini ya kitanda.

Kwa msiojua, ukivunja betri ya laptopu nene ya zamani utakuta ndani seli sita, au nane, au tisa, zinazofanana na mawe ya tochi. Zinaitwa 18650 kwa sababu kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Sony ndiyo iliyoanza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991, na wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, wakapewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyoziwezesha. Seli moja ikijaa inasoma volti 4.2. Ikifika karibu 3 imekwisha, iache. Na betri ya laptopu ikifa, mara nyingi aliyekufa ni seli moja au jozi moja tu. Zilizobaki bado zina uhai.

Sasa piga hesabu. Seli sita, kila moja imebakiwa na miliampea-saa 2,000, ni kama wati-saa 43. Ondoa kinachopotea kwenye kibadilisha volti, na ruta ya wati kumi itakaa saa tatu na nusu. Bure! Kutoka kwenye takataka!

Hapo ndipo tunapofurahi na kuacha kufikiri. Nilifurahi hivyo hivyo.

Wakati huo nilikuwa naishi chumba kimoja Kahawa West, ghorofa ya tatu, ngazi moja tu ya kushukia na dirisha lenye vyuma. Mdogo wangu alikuwa amekuja kukaa nami akisubiri kujiunga na chuo, analala kwenye godoro chini. Nilichukua seli sita kutoka kwenye betri mbili za laptopu tofauti, nikaketi kitandani, nikazilehemu nyaya moja kwa moja kwa pasi ya kulehemu, nikazifunga kwa utepe mweusi, nikaunganisha na chaja ya volti 12.6. Nilipima volti za pakiti nzima, zikasoma vizuri, nikajipongeza. Ilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi stima ilirudi usiku, pakiti ikaanza kuchaji, sisi tukalala.

Mdogo wangu ndiye aliyeamka. "Kaka, kuna kitu kinanuka kama rangi ya kucha." Nikamwambia alale. Akaniambia tena, "Kaka, kinapiga filimbi." Nilipowasha taa niliona moshi mweupe ukitoka kwenye ule utepe wangu mweusi, hatua moja kutoka kwenye godoro lake la sponji. Nilichomoa chaja, nikashika kitu kile kwa taulo lililokuwa limelowa, nikakitupa kwenye karai pale pa kufulia nguo na kufunga mlango. Seli ya kwanza iliwaka kama fataki. Zikafuata nyingine mbili. Hakuna aliyeumia. Karai liliteketea upande mmoja na kigae cha sakafu kikapasuka, nikamlipa mwenye nyumba. Sikumweleza ukweli wote, Mungu anisamehe.

Kama godoro lingeshika moto na ule mlango wa ngazi, ambao mlinzi hufunga kwa kufuli usiku, ungechelewa kufunguliwa... sitaki kuendelea na sentensi hii. Mama yetu hajui mpaka leo.

Asubuhi nilikaa na yale majivu nikajaribu kufanya kile ninachofanya kila siku kazini, yaani kutafuta hitilafu. Haikuwa moja. Zilikuwa nyingi mno hata nikashangaa ilikaa vipi siku tisa.

Kubwa kabisa ni hii, na nawaomba muisome polepole. Nilikuwa na makundi matatu ya seli yaliyofuatana, na chaja inayosimama ikifika volti 12.6. Chaja inaona jumla tu! Kundi moja likiwa dhaifu, lenye nafasi ndogo kuliko mengine, linajaa mapema na kuendelea kusukumwa. Linaweza kufika 4.45 wakati wenzake wako 4.08 na 4.07. Jumlisha: 12.60 kamili. Multimeta yako itakuambia kila kitu kiko sawa. Huku ndani ya seli moja joto linazaa joto, mpaka kinachofuata hakizimwi kwa kuchomoa waya. Ni sawa na programu inayopima wastani wa seva tatu na kuripoti kwamba hali ni njema wakati seva moja inaungua. Mtu akiniletea msimbo kama huo kazini nitaukataa. Kwenye chumba anamolala ndugu yangu niliupitisha bila kusoma.

Pili, kule kulehemu. Ndani ya seli kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha pande mbili, na utando huo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 130 za Selsiasi. Pasi ya kulehemu ina nyuzi 350. Umeishikilia pale sekunde tano, kumi, kwa sababu risasi inakataa kushika... unajua umeharibu nini? Hujui. Seli haitakwambia leo.

Tatu, na hili wengi hawalijui kabisa: gandamizo lote la chuma la seli ni upande wa hasi, mpaka ukingoni kabisa kando ya kile kidubwasha cha chanya juu. Kinachotenganisha chanya na hasi pale juu ni nafasi ya milimita chache na ngozi nyembamba ya plastiki. Ile ngozi ikiyeyuka au kukwaruzika, utepe wako wa chanya unagusa ukingo, na hiyo ni shoti ya moja kwa moja. Ndiyo maana viwandani huwekwa pete ya karatasi ngumu. Bei yake ni senti. Sikuweka hata moja.

Wiki hiyo nilikwenda mjini, Luthuli Avenue, kwa fundi mmoja ambaye hunitengenezea chaja. Ni mtu mzima, ameacha shule darasa la nane. Nilimsimulia nikitarajia pole.

"Ulizipima?" akauliza.

"Nilizipima, mzee. Zote zilikuwa na volti nzuri."

"Volti za siku gani, kijana?"

Sikumwelewa. Akavuta daftari la shule, lile la kurasa 200, jalada limechakaa. Ndani kulikuwa na mistari aliyoipiga kwa rula: namba ya seli, volti ya siku iliyotoka kwenye laptopu, volti baada ya kujazwa, volti baada ya wiki mbili, uwezo, na safu ya mwisho yenye herufi moja tu, N au T. Nzuri au Takataka. Kurasa na kurasa. Herufi T zilikuwa nyingi kuliko N.

"Wewe si ndiye unayeandika programu?" akaniuliza. "Huko hamwandiki mnachofanya?"

Nilinyamaza. Kazini kila mstari ninaoubadilisha una tarehe, jina langu na sababu. Naweza kukuonyesha nilichobadilisha miaka mitatu iliyopita saa nane usiku. Na hapa kwenye kitu kinachoweza kuunguza jengo sikuwa na hata karatasi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana na kila mtu. Kuna kundi linaloniambia, "Basi acha kabisa, hiyo si kazi yako, nunua mpya." Hawa ndio wananichosha zaidi, kwa sababu wanajiona wenye busara. Nunua mpya ipi? Nimenunua seli "mpya" mjini, imefungwa kwenye plastiki inayong'aa, imeandikwa miliampea-saa 9,900. Jamani! Seli nzuri za ukubwa huu kutoka kwa watengenezaji wakubwa huishia kwenye 3,500 hivi. Aliyeandika 9,900 angekuwa na kitu kama hicho angekuwa anauzia viwanda vya magari, si anapanga kando ya barabara. Niliipima uwezo ikatoa 1,100. Niliiweka kwenye mizani ya jikoni, ikawa nyepesi. Seli ya kweli ina gramu 45 mpaka 50. Hiyo ndiyo mpya mnayoniambia ninunue. Seli kuukuu niliyoipima mwenyewe kwa wiki tatu naiamini kuliko mpya ambayo hakuna aliyeipima.

Na wanaosema kiwanda hakikosei, wakumbuke mwaka 2006. Dell ilirudisha betri za laptopu milioni 4.1 zilizokuwa na seli za Sony, kwa sababu vipande vidogo sana vya chuma viliingia ndani ya seli wakati wa kutengenezwa. Sony, waanzilishi wenyewe! Wenye maabara, wenye mashine za kupimia kila kitu. Mimi siwacheki Sony. Ninachosema ni kwamba kama wanaopima wanaweza kukosea hivyo, sisi tusiopima tuna ujasiri wa aina gani?

Kundi la pili ni wale wanaosema mimi ni mwoga, kwamba wameunda pakiti tano na hakuna iliyowaka. Hata yangu haikuwaka siku tisa, ndugu zangu.

Kuna watu ambao ningependa tuwaige, na mtashangaa. Marekani kuna hobi ya kujaza upya maganda ya risasi nyumbani. Mtu akishapiga shabaha huokota ganda, hulisafisha, huliwekea kiwashio kipya, baruti, na risasi yenyewe juu. Kwetu msijaribu hata kuota, silaha na risasi ni mambo ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ya leseni. Wala mimi sina haja na bunduki. (Lakini angalia Kiswahili kinavyotutania: risasi ni ile ya bunduki, na risasi ndiyo madini tunayoyeyusha tukilehemu.) Nilichotamani kwao ni meza.

Mtu wa hobi ile anajua kuna makosa mawili yanayoweza kumdhuru. Akisahau baruti kwenye ganda moja, kiwashio peke yake kinaweza kusukuma risasi ikakwama ndani ya mtutu, na inayofuata ikaikuta pale. Akiweka baruti mara mbili, bunduki inaweza kumpasukia usoni. Na ganda likishafungwa kwa nje yote yanafanana! Kama seli zangu. Basi wamejiwekea desturi. Aina moja tu ya baruti inakaa mezani, nyingine zote zimo kabatini. Kila kipimo kinapitia kwenye mizani na kitabu kilichochapishwa, na wanaanza na kipimo cha chini. Kabla ya kufunga, maganda yote yamesimama kwenye kibao chenye matundu na mtu anayamulika kwa tochi moja moja. Boksi linaandikwa tarehe na kilichomo. Televisheni imezimwa. Ni watu wa kawaida, madereva wa malori, wastaafu, walimu. Hawana shahada ya kemia. Wana meza na wana daftari.

Sisi tuna shahada. Mwaka wa kwanza chuoni tulifundishwa sheria ya Ohm, tukaiandika kwenye mtihani, tukapita. Katika miaka minne sikumbuki siku hata moja nilipopewa multimeta mkononi na kuambiwa pima hiki, andika, eleza kwa nini si sawa na ulichotarajia. Tulitoka tukijua kupanga data kwa njia tano na tukiwadharau watu wa jua kali kwa sababu mikono yao ina mafuta. Ile dharau ndiyo iliyotaka kumuua mdogo wangu. Tunadhani kazi ya mikono ni rahisi, kwa hivyo tunaifanya kitandani huku tukitazama video.

Basi meza yangu. Iko kwenye roshani, chini ya paa lakini hewa inapita, na haiko kati yangu na mlango. Hilo la mlango nililiwaza kuliko mengine yote: chochote kikiwaka, ninarudi nyuma na kutoka, sikiruki. Juu nimebandika vigae vya sakafu vilivyobaki mahali walipokuwa wakijenga, kwa sababu kigae hakiungui wala hakipitishi stima. Hakuna zulia, hakuna pazia, hakuna karatasi isipokuwa daftari. Chini kuna debe la rangi la chuma lenye mchanga, la kuwekea seli ninayoishuku, na ndoo ya maji iliyojaa. Ndiyo, maji. Mtungi wa poda utazima ndimi za moto zilizoshika pazia lakini haupoozi seli, na seli isipopoa inaiwasha jirani yake. Maji mengi ndiyo yanayopooza. Na moshi wake ni sumu, una asidi ya floridi ndani yake, kwa hivyo ikiwa ni zaidi ya seli moja mimi nafunga mlango na kuwaamsha majirani. Sitashindana nayo.

Vifaa havitishi mfuko. Multimeta ya elfu moja na mia tano. Chaja yenye nafasi nne inayojaza seli, kuimaliza, kuijaza tena na kuandika imetoa miliampea-saa ngapi. Miwani ya kinga. Koleo ambazo mipini yake nimeiviringishia utepe. Pete na saa navua, baada ya kuona jinsi bisibisi ilivyochomelea pembe yake kwenye seli kwa kuteleza tu. Kilichonigharimu ni mashine ya kuchomelea kwa nukta, inayopitisha mkondo mkubwa kwa milisekunde chache na kushikanisha utepe wa nikeli na seli bila kuipasha moto mwili mzima. Niliinunua mwisho. Wengi huinunua kwanza, kwa sababu inatoa cheche na inapendeza kwenye picha.

Na huo utepe wa nikeli, angalieni! Unauzwa wa chuma uliopakwa nikeli kwa juu, na muuzaji atakuletea sumaku kukuthibitishia. Nikeli safi nayo hushikwa na sumaku, kwa hivyo sumaku haisemi lolote. Ukwaruze kwa msumari, uache usiku mzima kwenye kikombe cha maji ya chumvi. Ukiota kutu, si nikeli.

Kisha kinachofuata ni kuchosha, na hapa ndipo nawapoteza nyote, najua. Seli ikitoka kwenye laptopu naiandika namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Ikisoma chini ya volti 2 haichajiwi, haibembelezwi, inakwenda kwenye debe. Shaba ya ndani imeanza kuyeyuka, na ukiijaza inaweza kuota miiba inayotoboa ule utando. Zinazobaki najaza huku nikizigusa. Inayopata joto isilostahili, debe. Kisha zinakaa wiki mbili bila kuguswa. Wiki mbili, wapendwa! Iliyoshuka chini ya 4.1 inavuja ndani kwa ndani, debe. Zinazobaki zinapimwa uwezo, nne kwa wakati, na kila awamu inakula siku nzima. Aina moja mezani, zile nyingine zimo kwenye sanduku, kama wale jamaa na baruti yao. Baada ya hapo napanga makundi ili uwezo wa kila kundi ukaribiane, naweka zile pete za karatasi, nachomelea, naweka bodi ya ulinzi inayoangalia kila kundi peke yake na si jumla, naweka fyuzi. Bado sichaji nikiwa nimelala. Bodi hizi za bei rahisi nazo huharibika kimya kimya.

Rafiki yangu mmoja kazini alisoma utaratibu huu akacheka. "Wiki tatu kwa sababu ya ruta? Mimi yangu nimeunda jioni moja." Nikamuuliza iko wapi. Akasema iko chini ya kitanda cha mtoto, kwa sababu pale ndipo penye soketi.

Hajaniongelesha vizuri tangu nilipomwambia nitakwenda kwake kuitoa mwenyewe. Nilikwenda. Mke wake alinifungulia mlango, akaniuliza, "Shemeji, kwani hicho kitu ni hatari?" na mume wake akiwa pale ameangalia chini. Tulikifungua pamoja kwenye ua. Seli nne kati ya sita zilikuwa chini ya kiwango, moja ilisoma 1.3 kabla ya kuchajiwa, yeye mwenyewe alikumbuka. Hakukuwa na pete, hakukuwa na fyuzi.

Na msizitupe kwenye pipa la mtaa. Gari la taka likizibana zitawaka ndani ya gari, juu ya vijana wanaolipakia. Bandikeni utepe kwenye ncha zote mbili, wekeni kwenye mkebe, mpeleke kwa wanaochukua taka za kielektroniki. Hapa Nairobi WEEE Centre ni mojawapo. Tangu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, wanaoingiza na kuuza bidhaa wanatakiwa kubeba jukumu la taka zake pia, kwa hivyo ulizeni mliponunua laptopu watawasaidia vipi. Wakiwaangalia kama wendawazimu, ulizeni tena.

Kundi langu la sasa lilianza na seli 24. Zilizobaki ni 14, na leo ndiyo siku ya kumi na nne. Stima imepotea tangu saa moja jioni, naandika haya kwa ruta inayotumia pakiti ya kwanza iliyotoka kwenye meza mpya. Mdogo wangu amerudi likizo, yuko roshani na tochi na multimeta, anasoma kwa sauti nami naandika. Namba 16 iko 4.17. Namba 17 iko 4.08, nilikuwa naitegemea hiyo. Haya, ngojeni nikaiandike T.